Pikipiki Isiyojua Kutunza Siri

Anayetaka kuishi kwa siri hapa Kajaga, nje kidogo ya jiji la Bujumbura, anunue gari la kimyakimya, au atembee kwa miguu kando ya barabara ya Uvira na kofia ameishusha machoni. Asithubutu kununua pikipiki ya mipigo miwili. Mimi ninayo, Yamaha AG100 ya zamani, na tangu niwe nayo sijawahi kumshtukiza mtu. Sauti hutangulia, reng-deng-deng, tangu nikiwa bado barabara kuu. Baadaye kidogo natokea mimi. Nikishasimama na kuzima, ndipo moshi unaponifikia kutoka nyuma, unanipita, unaingia ndani na kuwasalimia wenye nyumba kabla sijapiga hodi.

Mama watoto hupika kwa sauti hiyo. Akinisikia nakata kona kuingia mtaani kwetu, anatia ndagala, dagaa wetu, kwenye mafuta. Nikifika langoni zimekauka vizuri na limau limeshakatwa. Mpango mzuri, ila una kasoro moja: injini ikinizimikia baada ya kona, ndagala zinaungua, na kosa linakuwa langu. Mwenye duka naye ananisikia. Nikiwa na deni lake, hakuna njia ya uchochoroni inayonifaa, maana hata nikipita mtaa wa tatu anajua nimepita, na jioni anamwambia mtoto niliyemtuma sukari, "Mwambie baba nimemsikia."

Hii AG100 haikuundwa kwa ajili yetu. Wajapani waliwatengenezea wakulima wa Australia na New Zealand, watu wa kukimbizana na kondoo mabondeni. Ndiyo maana ina stendi pande zote mbili, uweze kuiegesha hata penye mteremko, ina keria mbele na nyuma, na mnyororo wake umefunikwa wote usile matope. Injini yake ni ya cc 97 tu. Kwetu ilikuja na miradi, na mapadri, na mabwana shamba. Yangu niliinunua kwa bwana shamba mstaafu wa upande wa Cibitoke, na nembo ya mradi ubavuni mwa tanki ilikwanguliwa kwa kisu lakini haikutoka yote. Mpaka leo nikipita mashamba ya mpunga ya Imbo, wazee wananisimamisha kuniuliza mbegu zitafika lini. Mwanzoni nilikuwa naeleza. Siku hizi nasema, "Ziko njiani," na tunaagana kwa amani.

Vijana wa taksi za pikipiki ndio wanaonicheka zaidi. Machi 2022, walipozuiwa kuingia katikati ya jiji, walianza kujikusanya kwenye mipaka yao wakisubiri abiria, na mtu anayesubiri hana kazi nyingine ila kuangalia wapitao. "Mzee, nyumba inaungua!" wananipigia kelele. Wao wana TVS na Boxer, injini za mipigo minne: inavuta, inabana, inalipua, inatoa, na krenki lazima izunguke mara mbili ndipo mlipuko mmoja upatikane. Ya kwangu haina subira hiyo. Krenki ikizunguka mara moja tu, imeshalipua. Haina valvu kama zao, ina matundu ubavuni mwa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafunika na kuyafunua ikipanda na kushuka. Vyuma vichache, nguvu nyingi. Nilimweleza hayo kijana mmoja kwa kirefu, nikichora kwa kidole kwenye vumbi la tanki lake. Akanisikiliza kwa adabu, akauliza: "Sasa mbona mimi ndiye nitakayefika?"

Jibu analo yeye. Injini yangu ina tabia ambayo huwezi kuieleza mbele ya watu waliolala foleni ya petroli. Kuna wakati katika kila mzunguko tundu la kuingizia na tundu la kutolea yanakuwa wazi kwa pamoja, basi robo nzima ya petroli, pengine na zaidi, inaingia mlango huu na kutokea ule bila hata kuungua. Na sisi Warundi tangu 2021 petroli kwetu inakuja na kupotea, na mwaka 2024 ilipotea hasa. Watu walipanga magari usiku kucha, wengine wakavuka mpaka wa Gatumba na vidumu kwenda kuitafuta Uvira, Kongo. Nami nilikuwa miongoni mwao, najipangusa jasho, nahangaikia kitu ambacho robo yake nitakipuliza hewani bado kibichi. Nilikuwa naomba Mungu asitokee mhandisi kwenye foleni ile.

Halafu kuna oili. Injini ya mipigo minne ina bakuli lake la oili chini, inajipaka humo kwa miezi. Ya mipigo miwili hutumia sehemu hiyo hiyo ya chini kusukumia mchanganyiko wake wa hewa na petroli kwenda juu, kwa hiyo oili haiwezi kukaa hapo; lazima iingie pamoja na petroli, ilainishe ikipita, kisha iungue. Huo ndio moshi wa buluu. Yamaha walitafuta dawa yake tangu 1964, pampu ndogo waliyoiita Autolube, inayojipimia oili yenyewe kutoka kwenye tanki lake la pembeni. Yangu ilikuja nayo. Fundi wangu wa Buyenzi akaitazama, akaitikisa, akaifungua, akaitupia kwenye kopo la vyuma. "Sheikh," akasema, "pampu ikifa haikuambii. Utajua pistoni ikishagwama. Bora uchanganye kwa mkono wako, ukikosea ujue aliyekosea."

Basi nachanganya kwa mkono. Kipimo cha fundi ni sehemu moja ya oili ya 2T kwa sehemu ishirini na tano za petroli, na chombo kilichoko mjini kwetu kinachojulikana ujazo wake bila ubishi ni chupa ya bia ya Primus, sentilita 72. Ukipiga hesabu, chupa moja inataka oili vijiko viwili vya chakula, kasoro matone. Vijiko hivyo vilitoka jikoni. Kimoja kilirudi huko kwa bahati mbaya, kikakoroga uji wa mkwe wangu, naye ni mama mstahimilivu, akasema tu kwamba maziwa ya Kajaga yana ladha ya mjini. Tangu siku hiyo kijiko changu kimetobolewa tundu la msumari na kimefungwa kwa waya kwenye keria. Kinalia nikienda. Ikiwa kulikuwa na mtu wa Kajaga ambaye hajanisikia, sasa ananisikia.

Chupa yenyewe ndiyo iliyonitia aibu zaidi. Mimi ni mtoto wa Buyenzi. Nilisoma chuo cha Kurani pale, na wazee walionichapa kwa kukosea alifu kwa ujiti bado wanakaa barazani. Siku moja ya Ramadhani, alasiri, pikipiki ikakata mafuta katikati ya mtaa. Sikuwa na la kufanya. Nikashuka, nikatoa kwenye mkoba chupa ya Primus iliyojaa, nikaiinua juu kwenye jua kuhakikisha rangi yake, kama inavyotakiwa, kwa sababu watengenezaji wa oili ya 2T huitia rangi makusudi ili mtu atofautishe petroli iliyochanganywa na isiyochanganywa. Baraza zima likanyamaza. Mzee mmoja akasema taratibu, "Angalau angojee adhana." Nikaimimina yote kwenye tanki mbele yao. Wakaniangalia kwa huruma zaidi, nadhani kwa kuona hata pikipiki yangu haifungi.

Injini hizi na siri hazijawahi kupatana, hata huko ng'ambo. Miaka ya 1950 kule Ujerumani Mashariki, kwenye kiwanda cha MZ mjini Zschopau, alikuwapo mhandisi Walter Kaaden. Huyu ndiye aliyekamilisha ufundi wa kulichonga bomba la ekzosi ili wimbi la sauti lirudi nyuma na kuusukuma ndani ule mchanganyiko unaotaka kutoroka. Pikipiki zake ndogo zikawa zinawatoa jasho matajiri. Kisha mwaka 1961, kwenye mashindano ya Sweden, dereva wake Ernst Degner akatoroka, akakimbilia kwa Suzuki wa Japani na ujuzi wote kichwani. Mwaka uliofuata, 1962, Suzuki wakachukua ubingwa wa dunia wa cc 50, dereva akiwa Degner huyo huyo. Nilipomsimulia fundi, aliona ajabu moja tu: kwamba serikali nzima ilidhani inaweza kukificha kitu chenye kelele namna ile.

Fundi naye ana namna yake ya kutangaza. Oili isiyoungua yote hujenga masizi ndani ya ekzosi, na ikizidi pikipiki inapumua kwa shida, mlimani inageuka punda aliyekataa. Dawa yake ni moto. Anaifungua ekzosi, anaiweka juu ya mawe, anawasha ndani vitambaa vilivyolowa, kisha anapuliza kwa pampu ya baiskeli. Kwanza unatoka moshi mweusi mzito, unapanda juu ya mabati. Nguo zilizoanikwa mtaani zinaanuliwa na akina mama wanaotaja jina langu, si la fundi. Kisha bomba linakuwa jekundu, linaimba. Likipoa, fundi analigonga kwa nyundo ya mti, vipande vya masizi vinamwagika chini, naye anavifagia kwa mguu huku akinipa hesabu yake. Ana bei mbili: ya kutengeneza, na ya kutengeneza nikiwa nimesimama pale namshauri. Ya pili ni ghali.

Lakini adui wa kila siku ni buji, ile plagi ya kuwashia. Ukienda polepole muda mrefu, oili inailowesha, cheche inakufa, na unabaki unapiga kiki mpaka goti linaita jina la mamako. Natembea na buji ya akiba kwenye mfuko wa shati, brashi ya waya na kipande cha msasa. Wengine huweka kalamu hapo.

Jioni moja ilinizimikia karibu na kwetu, giza linaingia, upande wa viwanja vilivyo karibu na ziwa. Wageni wa Kajaga hudhani usiku ni wa wezi. Usiku huku ni wa viboko. Wanatoka Tanganyika jua likizama, wanapanda kula majani, na hawabagui kati ya majani ya Mungu na bustani ya mtu aliyejenga ghorofa. Nilikuwa nimeinama nafungua buji nikasikia mtafuno. Si wa mbuzi. Zamu, yaani mlinzi, wa nyumba ya pili akaninong'oneza kupitia tundu la lango: "Mzee, usipige kiki." Nikabaki nimechuchumaa na buji mkononi. Mnyama alikuwa ng'ambo ya njia, mgongo wake unang'aa kwa taa ya geti, anakula ukoka wa mwenyewe kwa utaratibu kabisa. Zamu akanifungulia nafasi ya kupenya, mimi bila pikipiki. Tukakaa kibandani kwake tukinywa chai. Kibandani humo tukamsikia kiboko akiifikia pikipiki, akainusa, akapiga chafya kubwa ya maji, akaondoka kuelekea ziwani bila kumaliza ukoka. Zamu alisema kwa miaka yote aliyolinda pale hajapata kuona dawa ya viboko, na kama naweza niwe naiacha pale kila usiku.

Nilipaswa kumkubalia. Maana pikipiki iliyolala kwangu ndiyo iliyoibiwa petroli.

Ilikuwa Februari 2024, siku zile petroli ikipimwa kwa glasi. Asubuhi nilikuta kifuniko cha tanki kimefungwa vizuri kuliko ninavyokifunga mimi. Hicho ndicho kilichonishtua. Mimi hukiacha upande. Nikatikisa tanki, kimya. Lita nne nilizozipata Uvira kwa jasho, zilizochanganywa tayari, vijiko na yote, zimekwenda. Gizani mwizi hakuiona rangi. Nikamwambia mama watoto. Akasema, "Ngoja. Itaongea yenyewe."

Usiku wa tarehe 11 ilikuwa fainali ya Kombe la Afrika kule Abidjan, Côte d'Ivoire na Nigeria, inaanza saa nne za usiku kwetu. Umeme ukakatika, kama ilivyotarajiwa. Nina jirani mmoja, jina lake nalihifadhi kwa kuwa tunaazimana ngazi, ana jenereta ndogo ya mipigo minne anayoisifu kwa kutokutoa moshi. "Si kama yako," hunitania. Mtaa mzima ukahamia sebuleni kwake, wakubwa kwenye viti, watoto chini kwenye mkeka. Jenereta iko nje chini ya dirisha. Nigeria wakafunga kwanza, watu wakapiga kelele, kelele zikatulia, na hapo kwenye ule utulivu harufu ikapita dirishani. Haikuwa harufu ya jenereta. Nilimtazama mama watoto, naye alikuwa anatazama dari.

Mtoto wa nyumba ya nne akageuka kunitazama, akasema kwa sauti safi ya mtoto: "Tonto, televisheni inanuka pikipiki yako."

Hakuna aliyejibu. Mwenye nyumba akaongeza sauti ya mpira. Mtu mmoja akauliza dakika ni ya ngapi, na ubao wa dakika ulikuwa mbele ya macho yake. Kipindi cha pili Kessié akasawazisha, tukashangilia zaidi ya kiasi, kila mtu akishukuru kupata sababu ya kupiga kelele. Kisha, matokeo yakiwa moja kwa moja, jenereta ikakohoa, ikapiga chafya, giza.

Katika sebule ile mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na brashi ya waya mfukoni. Nikatoka nje. Jirani akanifuata kunimulikia kwa simu. Nikafungua plagi ya jenereta yake: nyeusi, imelowa, na kwenye ncha yake inang'aa ile oili ninayoipima kwa kijiko changu mwenyewe. Mwanga wa simu ulikuwa hautulii.

"Imefanya nini?" akauliza.

"Imelowa."

"Imelowa nini?"

"Oili."

"Oili imetoka wapi tena?"

"Mungu ndiye ajuaye, jirani."

Nikaisugua kwa brashi, nikaipitishia msasa, nikaipuliza, nikaipangusa kwa shati langu. Nikiwa nairudisha, kelele zikalipuka kutoka nyumba za upande wa pili, watu wanalia, wengine wanaimba. Haller alikuwa amewafungia Côte d'Ivoire la pili, dakika ya 81, nasi tumeinama juu ya jenereta inayokunywa petroli yangu na kuikataa. Jirani akavuta kamba, ikawaka, tukarudi ndani tukauona mchezo umeshakwisha kwa maana yake. Watu wakanishukuru sana. Yeye ndiye aliyenishukuru kwa maneno mengi kuliko wote.

Siku chache baadaye nikakuta juu ya ukuta wangu chupa mpya ya oili ya 2T, haijafunguliwa, imeelekezwa lebo ndani. Sikumwuliza mtu. Mama watoto akaisogeza pembeni aanike nguo.

Aprili ikaingia na mambo mengine. Ziwa lilipanda mwaka ule kuliko watu wengi wa umri wetu walivyowahi kuliona. Likazifuata nyumba za ufukweni, likaingia hotelini, likaja mitaani polepole, kila siku kidogo. Siku maji yalipofika kwetu, kila mtu alitoka na kile alichoona ni cha kwanza kuokolewa. Mimi naisukuma pikipiki, maji yanafika kwenye ekzosi na kutoa mapovu, kijiko kinagonga keria. Mbele yangu yupo jirani, jenereta kichwani juu ya kata ya taulo, miguu anaivuta majini. Tukawa tunaenda sambamba kuelekea barabara kuu, bila kusemezana, mpaka tulipofika penye kina kifupi akaishusha jenereta juu ya ukingo wa mtaro, akajipangusa uso. Akaitazama pikipiki. Akanitazama mimi. Kisha akaniuliza kwa heshima zote, kama mwanafunzi:

"Hivi mzee, ule mchanganyiko wako huwa ni moja kwa ngapi?"

"Moja kwa ishirini na tano," nikamwambia. "Lakini kwa jenereta, jirani, usitie kabisa."